Mahari ya Kamba Kumi na Mbili

Kazi yangu ni kutoboa masikio ya mbuzi. Kwenye karatasi ya bureau, ofisi yetu ya mifugo, imeandikwa "kuchanja mifugo", lakini mtu wa Bulengera, hapa Butembo, akiniona nashuka kwenye moto, yaani pikipiki, na sanduku langu la barafu, hasemi kwamba chanjo imefika. Anasema, "Mutoboa-masikio amekuja," halafu anakimbia kuficha mbuzi.

Wanaficha kwa sababu hii. Mbuzi akishapigwa sindano ya pesti ya mbuzi, tunamtoboa tundu dogo sikioni ili tusimrudie mara ya pili. Na kwetu mbuzi wa mahari hatakiwi kuwa na kasoro: asichechemee, asikose pembe, na sikio lisiwe na tundu. Ukimpeleka mwenye tundu, wakwe watakuuliza kama ulimtoa kwenye mtego. Basi kila familia yenye kijana aliyeanza kunyoa ndevu ina mbuzi wawili watatu warembo ambao mimi sijawahi kuwaona. Wako jikoni. Wako nyuma ya magunia ya makaa. Siku moja nilipiga hodi kwenye nyumba moja, mama mwenye nyumba akaniapia kwa Bikira Maria kwamba hawana hata mkia wa mbuzi, na mbuzi akaitikia hodi yangu kutoka chini ya kitanda. Yule mama hakupepesa jicho.

"Ule ni bwana yangu," akasema. "Iko na mafua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini fikiri kidogo. Mbuzi wanaotembea kuliko wote katika nchi hii ni wa mahari. Leo wako Beni, kesho Butembo, na kabla jua halijatua wamegawanywa kwa wajomba na mashangazi, kila mmoja anakwenda kulala na mbuzi wengine. Na hao hao ndio wasiochanjwa. Ugonjwa ukitaka kusafiri hauhitaji hata viatu. Unangoja arusi.

Ugonjwa huo mimi naujua kwa sauti. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na papa, yaani baba yangu, Maliro, alikuwa na mbuzi kumi na tisa ambao ndio walikuwa shule yangu. Jumatatu mmoja akaanza kukohoa, kikohozi cha maji, kama mtu aliyemeza vibaya mbele ya wageni na anaona haya. Jumapili iliyofuata lupango letu, yaani ua wa nyumba, lilikuwa safi, bila mbuzi hata mmoja, lina upepo mwingi. Nilitaka kuwa daktari wa nyama, yaani wa mifugo. Badala yake nikawa muuza sabuni, mpishi wa wachimba dhahabu, mfua nguo za askari, na mchumba wa bwana mmoja wa Oicha aliyekwenda kununua misumari akasahau kurudi. Hiyo ni miaka sita sasa. Labda anachagua.

Baadaye Docteur Kalala alinichukua kazini. Ni mtu wa Kasai, serikali ilimtuma huku, na mpaka leo anaishangaa baridi ya Butembo kana kwamba ilianza jana. Alinichagua kwa sababu kwenye foleni nzima ya waombaji ni mimi peke yangu niliyemshika mbuzi wa mtihani bila kumkimbiza mpaka barabarani.

Sasa nina miaka thelathini na nne, na kwa mizani ya mashangazi zangu mimi ni mbuzi aliyerudishwa kutoka sokoni mara mbili. Kwa hiyo Zacharie wa Beni, muuza mbao, mtu wa maneno machache, aliposema atanioa, ukoo mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Nadhani hata mlima ulisikia. Shangazi yake, Tantine Agar, ndiye aliyekusanya mbuzi wa mahari: kumi na wawili, hakuna tundu hata moja. Siku ikawekwa, Jumamosi.

Jumatano habari ikafika bureau kwamba pesti imeonekana kwenye soko moja upande wa Beni. Docteur Kalala akaamua: mbuzi wote wa kutoka huko wakaguliwe kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, na kundi likiwa na mgonjwa hata mmoja, kundi zima likae karantini siku ishirini na moja. Aliyezunguka mitaa na megafoni kutangaza hayo ni mimi. Jioni nikampigia Tantine Agar, nikamwuliza mbuzi wetu walitoka wapi.

"Kwa batu ba kanisa," akasema. "Ziko safi kuliko weye."

Nikaamini. Niseme ukweli, nilitaka kuamini. Mtu ambaye ameshangoja misumari miaka sita hakagui mahari yake kwa tochi.

Jumamosi saa nne Fuso likasimama mbele ya lupango la papa, mtaa wa Mususa. Kwa desturi bibi arusi hakai nje mbuzi wakipokewa. Anafungiwa chumbani mpaka wajomba waseme wameridhika, ndipo anaitwa. Kwa hiyo mimi, niliyewakagua mbuzi wa mji mzima, nilikaa kitandani na pagne mpya, kitenge cha arusi, na binamu yangu Jemima akawa ananipa habari kutoka dirishani.

"Bamefika," akasema. "Ni bengi. Mbuzi zinashuka. Eh."

"Eh nini?"

"Zinacheza."

"Mbuzi hazichezake."

"Hizi zinacheza. Moya imeinamia Mujomba Jean-de-Dieu. Ingine imelala juu ya kiatu ya papa yako. Katungu, bakwe bako banajua kufundisha."

Nikasogea dirishani. Mbuzi kumi na wawili walisimama katikati ya watu wakiyumba taratibu, kama waimbaji wa kwaya waliosimama muda mrefu. Manyoya yamechanwa. Pua zimepakwa mawese mpaka zinang'aa. Mmoja aliinua mguu kupanda ngazi ambayo haikuwepo, akaushusha, akafikiri, akauinua tena. Wamama wa upande wa Beni waliimba kwa nguvu, na wazee wetu walitikisa vichwa kwa kuridhika. "Hizi ni mbuzi zenye heshima," nikasikia mmoja akisema. "Hazipige kelele kama za kwetu."

Ndipo nikakisikia. Kikohozi cha maji. Cha mtu anayeona haya mbele ya wageni.

Nilimtazama papa. Alikuwa anaangalia kiatu chake, ambacho mbuzi alikuwa amekifanya mto.

Sasa desturi inataka mjomba achague wa kwanza. Mjomba Jean-de-Dieu, kaka ya marehemu mama yangu, alitoka Kayna vita ilipofika huko. Alitembea mpaka Butembo na mbuzi watatu, akilala katikati yao njiani. Sasa anapanga chumba kimoja na nusu hapa Mususa, na ile nusu ni ya mbuzi. Hao watatu ndio mali yake yote. Akapita mbele, akawazunguka wale kumi na wawili mikono mgongoni, akaishika kamba ya beberu mkubwa wa kahawia.

"Hii," akasema.

Beberu wa kahawia akakohoa.

Nitakuambia nilichofikiri, na usinicheke, au nicheke, nimezoea. Nilifikiri: kaa kimya, Katungu. Nusu saa tu. Wataridhika, utaitwa, utapewa mkono, halafu Jumatatu utakwenda na sanduku lako kumsaidia mjomba kama mtu ambaye hakujua. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kuhesabu pua tatu zenye mawese. Halafu nikawaona kichwani wale mbuzi watatu wa Kayna, na lupango lenye upepo mwingi.

"Jemima, nipe sacoche yangu."

"Ya podri?"

"Ya kazi."

Nikachukua mkoba, nikatoka. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Bibi arusi nje kabla ya kuitwa ni kama padri kutoka sakristia na pijama. Nikapita katikati ya wakwe, nikamsalimu kila mmoja kwa magoti kama inavyopasa, nikafika kwa beberu wa kahawia, nikainua mkia wake, nikaingiza termometa.

"Anatafuta nini kule?" mtu akauliza nyuma.

"Bwana," mwingine akajibu.

"Bwana iko upande huu, mama," akasema mzee mmoja wa Beni, akimwonyesha Zacharie, aliyesimama wima na kravati yake shingoni kama ubao aliouza mwenyewe.

Mbuzi mzima ana thelathini na tisa. Yule alikuwa na arobaini na moja na kitu. Nikafuta mawese puani, na chini ya mawese kulikuwa na makamasi mazito. Nikamfungua mdomo. Ndani ya midomo kulikuwa na vidonda, na juu ya vidonda kulikuwa na harufu ambayo sikuitegemea.

Tantine Agar akaja mbele. Ni mwanamke wa mwili, na siku hiyo alikuwa na kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa kilichofika mahali kabla yake.

"Mukwe," akasema polepole, "kwetu Beni bibi arusi anaangalia bwana mu macho. Weye unaanza na mukia ya mbuzi."

"Tantine, iko na homa."

"Ni furaha."

"Na inanuka kasiksi."

Watu wakageuka kunusana. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kila mtu pale aliijua harufu yake, na kila mtu alikuwa amefikiri inatoka kwa jirani yake.

"Ilikuwa inakohoa kidogo tangu Alhamisi," akasema Tantine Agar, akikiangalia kitambaa cha pagne yake. "Na kwa barrière batu ba chanjo ni babaya, banasikiliza mbuzi kama badaktari ba moyo. Donc tuliipa kasiksi kidogo, ya kulainisha koo. Zingine zikaona wivu."

"Zote?"

"Ni familia."

"Tantine, batu ba chanjo ni miye."

"Njo maana tulipita mapema."

Mtu akacheka, akajificha kwenye kikohozi, na kwa bahati mbaya beberu akamjibu. Hapo hata wazee walishindwa. Wamama wa Beni walishikana mabega, Jemima alikuwa ameanguka dirishani kwa nje, na mbuzi aliyelala juu ya kiatu cha papa akaamka, akatuangalia sote kwa huruma, akalala tena.

Docteur Kalala alikuwa mgeni wetu. Alikuwa kwenye kivuli na sahani ya kobayi, mnyama mdogo kama sungura tunayemla hapa, ambayo alikuwa bado anazungumza nayo kabla ya kuila. Akainuka na sahani yake, akamwangalia beberu mdomoni, akawaangalia wengine, akakuta makamasi kwa wawili tena.

"Karantini," akasema. "Zote. Siku makumi mbili na moya. Lakini kwetu Kasaï, mbuzi mulevi tunangoja tu anaamka. Hii haitaamka hivyo. Hii ni pesti."

Kicheko kikaisha kama maji ya bomba.

Kwa sababu desturi iko wazi. Mbuzi wasipopokewa, binti hatoki. Na Tantine Agar, ambaye sasa alikuwa ameaibika, akafanya kile ambacho mtu mwenye aibu hufanya, akakasirika.

"Bon," akasema. "Mumekataa mbuzi zetu. Tunapakia Fuso, tunarudia. Lakini mujue, mahari haigeukake mu njia. Ikirudi Beni, ndoa imerudi nayo."

Nikasimama pale na termometa mkononi. Nilijua sauti hiyo pia. Ndivyo mashangazi walivyosema kuhusu yule wa misumari: kilichokwenda kimekwenda. Nikamtafuta Zacharie kwa macho. Alikuwa anafikiri. Ukimjua Zacharie utajua kwamba kufikiri kwake ni kazi ya mikono, unaweza kuiona.

"Miye sirudi," akasema mwishoni. "Mbuzi zifanye zenye zinataka. Misumari niko nayo kwangu, ya kila namna. Sina pa kwenda kununua."

Sikulia. Jemima anasema nililia. Jemima alikuwa ameanguka, hakuona vizuri.

Lakini neno la bwana arusi si mahari. Wazee wakaanza kunong'ona, na waliomtazama zaidi ni Mjomba Jean-de-Dieu, kwa sababu mjomba akikataa, wengine hawana la kusema. Alikuwa bado ameshika kamba ya beberu wa kahawia. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Ile yangu tatu," akaniuliza, "ikilala na hii, itakufa?"

"Itakufa, mujomba. Labda yote."

Akatikisa kichwa. Halafu akaanza kufungua fundo shingoni mwa beberu, taratibu, akaitoa kamba yote, akaanza kuizungusha kwenye kiwiko chake kama mtu anayekunja uzi.

"Kule Kayna niliacha mbuzi nane," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini lupango lote lilisikia. "Zilikuwa mu malisho ile siku, hatukuwa na wakati. Lakini kamba zao nilizibeba. Ziko chini ya kitanda yangu. Kuko mutu hapa anaweza kuniambia zile mbuzi hapana zangu?"

Akawapitia wazee kwa macho, mmoja mmoja.

"Mwenye kushika kamba njo mwenye mbuzi. Ni vile tangu zamani. Donc miye nimepokea." Akaiinua kamba juu. "Mbuzi iende kwa hospitali yake. Miye naenda na hii. Niko radhi."

Wazee walitazamana. Ungedhani mtu amefungua dirisha. Shangazi wa kwanza akasema, kama ni hivyo, na yeye apewe kamba ya yule mweupe. Shangazi wa pili akasema mweupe alikuwa wake tangu Fuso liliposimama. Wakagombania kamba ya mbuzi ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumgusa, na hapo nikajua kwamba ndoa imepona.

Sasa mimi nikaiharibu tena kidogo.

"Mujomba," nikasema, "kamba pia iko na ugonjwa."

Akaniangalia. "Katungu, unataka kweli kuolewa?"

"Ndoo moya tu."

Butembo hakuna anayehitaji kufundishwa ndoo ya javel, ile dawa ya kuua vijidudu. Tangu miaka ile ya Ebola hata mtoto anayetambaa anajua kunyoosha mikono akiiona. Wakapanga foleni wenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha bibi arusi na ndoo katikati ya magoti, nikaloweka kamba moja moja, na kila aliyepokea kamba yake alipitisha viatu kwenye beseni mlangoni, huku wamama wa Beni wakiimba upya na kugeuza maneno ya wimbo. Hayaandikiki. Yalihusu mkia. Pagne yangu mpya ilipata madoa meupe ambayo bado ninayo, na nikivaa Jumapili watu huniuliza ni mtindo wa wapi.

Kamba ya mwisho ilikuwa ya papa. Alikuja, akainama kana kwamba anataka kuchagua, na hakukuwa na cha kuchagua.

"Miye pia niliisikia," akaniambia chini chini. "Mara tu Fuso ilisimama. Nilijua kile kikohozi."

"Sasa ulinyamaza sababu gani, papa?"

"Uko na miaka makumi tatu na ine," akasema.

Nikamkamulia kamba yake vizuri, nikampa kwa mikono miwili. Akaivaa shingoni kama skafu, akageuka kwa wakwe, akasema binti ni wao, na kama wanataka kumrudisha wajue atawapima homa njiani.

Fungate letu tulilifanya karantini, nyuma ya bureau, Bulengera. Docteur Kalala alisema lazima mtu awapime mbuzi asubuhi na jioni, wawekewe maji na majani peke yao, na asiyehusika asiingie. Akatuangalia mimi na Zacharie akasema sisi tunaonekana hatuna kazi nyingine. Zacharie alitengeneza vizuizi vya mbao kutenga wagonjwa na wazima, na misumari kweli alikuwa nayo. Mimi nilipima, yeye alishika pembe. Kuna ndoa zinazoanza na safari ya Goma kwa ndege. Yetu ilianza na mtu kuniambia, saa kumi na mbili asubuhi, "Hii imekunyea mu kiatu, chérie," na hilo lilikuwa neno lake refu kuliko yote ya juma lile.

Siku ya kwanza na ya pili mbuzi walikuwa na hangover, wakatuchukia. Siku ya sita beberu wa kahawia alikufa. Wawili tena wakamfuata, tukawazika ndani kabisa na chokaa juu. Tisa waliobaki tuliwangoja mpaka siku zikatimia, Docteur akawakagua, tukawachanja wale wasiougua, na nikawatoboa wote masikio. Mahari yangu yote ina hereni.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili wenye kamba wakaja. Wale wawili niliowapotezea mbuzi wao walinung'unika kwa adabu, na Tantine Agar aliahidi kuwatumia wengine. Lakini nilimwogopa mmoja tu. Mjomba Jean-de-Dieu alikuja wa mwisho, na kamba yake ilikuwa imekazwa, kuna kitu kinaivuta upande wa pili wa geti.

"Mujomba," nikaanza, "ile yako ya kahawia—"

"Najua. Docteur aliniambia tangu siku ya sita. Nilikuja kwa ingine."

Akavuta kamba. Wakaingia wale watatu wa Kayna, wamefungwa kwa kufuatana kwenye kamba ile ile iliyonuka javel, wanene, wenye dharau, mmoja wao tumbo kubwa kabisa.

"Batoboe masikio," akasema. "Na hii iko na mimba, uende polepole."

"Hazitafaa tena kwa mahari ya mutu."

"Nani alisema? Weye ulitoka na kamba tupu, na bwana akakubali." Akampa Zacharie pembe za yule mjamzito, akajipangusa mikono. "Umezoea sasa, mukwe?"

Zacharie akafikiri.

"Upande ya pembe, nimezoea," akasema. "Ule mwingine nimemuachia yeye."

Mjomba akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa nimeshaifungua sacoche.

"Wasingya, mujomba," nikasema, yaani asante, nikainua mkia.